Nyumba ya kijijini Mayo: tulipe arubuni wiki hii?

SWALI: Hamjambo. Mimi ni nesi kutoka Machakos, nafanya kazi Mayo, Ayalandi, na nina kibali cha ukaazi cha Stamp 4. Mshahara wangu ni euro 46,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mume wangu bado anatafuta kazi. Tumeona bangaloo ya miaka ya 1970 nje ya Castlebar, bei euro 180,000. Ina chumba kilichoongezwa nyuma mwaka 2004, kisima chake, na tangi lake la maji taka. Haijakaliwa kwa miaka minne tangu mwenyewe afariki. Dalali anasema kuna wengine wawili wanaoitaka, tulipe arubuni haraka. Nyumba huku ni adimu kweli na naogopa tutaikosa. Tulipe?

JIBU: Lipeni, dada, lakini mjue mnalipia nini. Ayalandi kuna malipo mawili na watu wengi huyachanganya. La kwanza huenda kwa dalali, na hurudishwa lote ukijitoa kabla mkataba haujasainiwa na pande zote mbili. Upande wa pili nao haujafungwa: akitokea mtu wa bei kubwa zaidi kesho, muuzaji ana ruhusa ya kumpokea. Uhaba wa nyumba umefanya jambo hilo liwe la kawaida. Malipo ya pili ni asilimia 10 wakati wa kusaini mkataba, yaani euro 18,000 ukitoa mlichokwisha kulipa, na hizo mnaweza kuzipoteza. Uchunguzi wote ufanyike katikati ya malipo hayo mawili.

Kwa kuwa mwenyewe amefariki, muulizeni dalali leo kama hati ya mirathi imeshatoka mahakamani. Bila hiyo msimamizi wa mirathi hawezi kukamilisha mauzo, na kungoja kwake kunaweza kuchukua miezi. Idhini ya awali ya mkopo kwa kawaida hudumu miezi 6 tu, hivyo inaweza kwisha mkiwa bado mnasubiri.

Sasa kile chumba cha nyuma. Ningekuwa na saa moja tu ya kuichunguza nyumba hii, ningeitumia hapo, kwa sababu tatu.

Kwanza, kibali. Nyongeza ya nyuma isiyozidi mita za mraba 40, ukijumlisha na nyongeza zozote za awali, kwa kawaida haihitaji kibali cha ujenzi. Mhandisi aipime kwa futi kamba, asikubali makadirio. Ikizidi na kibali hakipo, mtaambiwa kwamba miaka 7 imepita na halmashauri haiwezi tena kuchukua hatua. Ni kweli kuhusu hatua za kisheria, ila ujenzi wenyewe unabaki kuwa usio halali, na wakili anayeihakikishia benki kwamba hati ya umiliki ni safi atakwama hapo. Dawa ni muuzaji aombe kibali cha kuhalalisha kabla ya kusaini, kwa gharama yake.

Pili, matofali. Kaunti za Mayo na Donegal zina nyumba nyingi zilizojengwa kwa matofali ya zege yenye madini mabaya: mika, pairiti, pairotaiti. Yakipata unyevu, zege hupasuka na kumomonyoka kutoka ndani. Nyumba ya miaka ya 1970 inaweza kuwa salama huku ukuta wa 2004 ukiwa mgonjwa. Tazameni nyufa zilizosambaa kama utando wa buibui, au nyufa za wima karibu na pembe. Rangi mpya kwenye ukuta huo mmoja tu ni sababu ya kuuliza zaidi. Macho hayatoshi kuthibitisha. Kipande cha tofali hutobolewa na kupimwa maabara, na lazima muuzaji akubali. Akikataa, mimi ningeachana nayo, maana benki nyingi hazikopeshi juu ya matofali hayo.

Tatu, kama chumba hicho ni cha kulala, huongeza watu, na tangi la maji taka hupangwa kwa idadi ya watu. Tangi la miaka ya 1970 mara nyingi humwaga kwenye shimo la mawe au mtaroni. Mfuniko ufunguliwe, ukaguzi wa kawaida wa nyumba haufiki humo. Nyasi zilizonawiri kupita kiasi na ardhi inayobonyea karibu na tangi ni dalili kwamba udongo haunywi tena maji. Kabla ya kujenga mfumo mpya, shimo la majaribio huchimbwa ili kupima dakika ambazo maji huchukua kushuka milimita 25. Udongo wa tope zito ukikataa kabisa, tangi jipya pekee halisaidii. Ombeni pia uthibitisho kwamba tangi limesajiliwa, kama sheria ya 2012 inavyotaka.

Maji ya kisima yapimwe bakteria wa E. koli, nitrati, chuma na manganizi, hasa kisima kikiwa upande wa chini wa tangi.

Kuhusu fedha: kwa kanuni za Benki Kuu tangu Januari 2023, mnunuzi wa mara ya kwanza hukopa hadi mara 4 ya mshahara, kwenu euro 184,000, lakini isizidi asilimia 90 ya thamani, yaani 162,000. Mnahitaji basi 18,000 zenu, ushuru wa stempu wa asilimia 1 (1,800), wakili na mhandisi. Kama sehemu ni pesa ya chama au imetumwa na ndugu, tunzeni taarifa za M-Pesa na za benki. Wakili atawauliza kila shilingi imetoka wapi.

Kuna ruzuku ya hadi euro 50,000 kwa nyumba iliyokaa tupu miaka 2 au zaidi na kujengwa kabla ya 2008. Ombeni halmashauri ya kaunti mkiwa bado kwenye mazungumzo, na msiguse hata mlango kabla ya idhini, kwani kazi iliyotangulia hailipwi. Tatizo ni kwamba fedha huja baada ya kazi kukaguliwa, na benki haizihesabu kama arubuni yenu. Nyumba isiyo na jiko wala bafu linalofanya kazi inaweza hata kunyimwa mkopo wa kawaida. Mkiuza ndani ya miaka 5, mnairudisha yote. Kati ya 5 na 10, asilimia 75. Umeme ukiwa umekatwa zaidi ya miaka 2, huchukuliwa kama muunganisho mpya na huhitaji cheti cha fundi aliyesajiliwa, kwa hiyo ulizeni tarehe ya kukatwa.

Mwisho, mwambieni wakili aweke kwenye mkataba sharti kwamba ununuzi unategemea mkopo kutolewa. Muuzaji anaweza kulipinga kwa kuwa ana wateja wengine. Likiondolewa, msisaini mpaka barua kamili ya mkopo, si idhini ya awali, iwe mezani kwa wakili.