Fidla zinakwaruza kwenye simu: nianze kufundisha wapi?

SWALI: Naongoza kikundi cha mtaani cha ala za nyuzi: fidla sita, viola, sello mbili na gitaa. Tunataka kila mmoja arekodi sehemu yake nyumbani kwa simu, kisha mimi niziunganishe. Jaribio la kwanza limeharibika: fidla zinakwaruza masikio, na watu hawaendi pamoja. Niwafundishe programu gani?

JIBU: Mwalimu, programu iache kwanza. Matatizo yote mawili yameingia kabla sauti haijafika kwenye kompyuta yako.

Nahisi simu zilikaa kwenye stendi ya noti, sentimita 40 hivi kutoka kwenye fidla. Ikiwa karibu kiasi hicho, simu husikia zaidi nywele za upinde zikisugua uzi kuliko inavyosikia ubao ukivuma. Somo la kwanza liwe hili: mtu mmoja apige mistari miwili ileile mara tatu, simu ikiwa sentimita 40, kisha mita moja, kisha mita moja na nusu, juu kidogo ya kichwa, ikitazama daraja la fidla (kibao kinachoinua nyuzi). Wasikilizishe bila kuwaambia ipi ni ipi. Aliyechagua kwa sikio lake humkumbushi tena. Ukizidi kusogea mbali, chumba nacho kinaanza kuimba, hivyo chumba cha kulala chenye godoro na mapazia kinafaa kuliko sebule tupu. Bafuni hapana, hata wakikuomba. Kwa sello, simu isikae sakafuni: ncha ya chini inayoisimamisha sello hupeleka mtikisiko wote huko.

Simu nyingi pia hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe, ndiyo maana sauti ya chini na ya nguvu zinatoka sawa. Tafuteni programu ya kurekodi inayokuachia kupanga kiwango kwa mkono, pale penye nguvu zaidi pafike kama -12 dB kwenye kipimo cha programu, ambako 0 ndiyo kikomo. Wote watumie WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya 48 kHz, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde. Faili la 48 likisomwa kama la 44.1, linakwenda polepole na kushuka karibu nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua ya freti moja ya gitaa). Niliwahi kumlaumu mpiga sello kwamba hakutyuni, kumbe kosa lilikuwa kwenye mpangilio wangu.

Kuhusu kwenda pamoja: hedifoni ya waya, sikio moja tu, la pili lisikie ala yake. Za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kila mmoja ahesabu manne na kupiga kofi kwenye la nne. Kofi hilo ndilo utakaloliona kwenye skrini unapopanga.

Wala usiwape mdundo mtupu wa kuhesabia ndio wapige juu yake. Fidla haina freti (vijiti vya shingoni vinavyogawa noti, kama vya gitaa), mpigaji hushika tyuni kwa kumsikiliza jirani. Rekodi sello kwanza, kisha mpelekee kila mtu rekodi hiyo apige juu yake.

Gitaa ndilo unaloweza kulisogelea: sentimita 30, simu ikielekea freti ya 12. Ukiielekeza kwenye tundu, besi inavimba.