Ukurasa wa maziwa unaojikokota

Swali: Nimeunda programu ya Django (mfumo wa Python wa kuunda tovuti) ya chama cha ushirika kinachopokea maziwa hapa Njoro. Ukurasa wa mizigo 200 ya siku, pamoja na jina la mkulima na kituo chake, unafunguka papo hapo kwenye laptopu yangu, lakini kwenye seva unapita sekunde mbili. Niongeze RAM?
*Msomaji, Njoro*

Jibu: RAM iache kwanza. `Mzigo.objects.all()` inaleta mizigo peke yake. Kila templeti (faili la muonekano wa ukurasa) inapofika `mzigo.mkulima.jina`, Django inarudi kwenye hifadhidata kumtafuta mkulima, ikifika `mzigo.mkulima.kituo`, inarudi tena. Hizo ni kwiri (maswali kwa hifadhidata) 1 + 200 + 200, yaani 401. Hata mkulima yuleyule aliyeleta asubuhi na jioni anatafutwa mara mbili. Kwenye laptopu hifadhidata iko palepale, huhisi kitu. Ikiwa iko kwenye mashine nyingine na kila safari inachukua milisekunde 5, sekunde mbili zinaishia njiani.

Andika hivi:

`Mzigo.objects.select_related("mkulima__kituo")`

Kati ya `mkulima` na `kituo` weka mistari ya chini miwili (`__`). Sasa kwiri ni moja yenye JOIN (inayounganisha majedwali), na mkulima na kituo wanakuja pamoja na mzigo.

Njia hiyo inafaa pale rekodi inapoelekeza kwa nyingine moja tu. Ukitaka malipo mengi ya kila mkulima, Django itaikataa. Tumia `Mkulima.objects.prefetch_related("malipo_set")`: kwiri ya kwanza inaleta wakulima, ya pili malipo yao yote kwa mkupuo, kisha Python inawapatanisha.

Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Ukiandika `mkulima.malipo_set.filter(yamelipwa=False)` ndani ya lupu, yale uliyokwisha kupakia hayatumiki; kila mkulima anazua kwiri mpya, na umeongeza kazi badala ya kuipunguza. Weka kichujio mapema, ndani ya `prefetch_related`:

`Prefetch("malipo_set", queryset=Malipo.objects.filter(yamelipwa=False), to_attr="madeni")`

Kisha soma `mkulima.madeni`, ambayo ni orodha ya kawaida.

Usipakie kila kitu kwa woga, lakini. Ukihitaji jumla ya lita tu, `annotate(jumla=Sum("mzigo__lita"))` inaiachia hifadhidata hesabu hiyo.

Hakikisha kwa django-debug-toolbar, inayoonyesha kwiri za kila ukurasa, halafu funga idadi ya kwiri kwenye majaribio kwa `assertNumQueries`. Siku mtu akiongeza kwenye templeti safu inayozua kwiri mpya, jaribio litafeli kabla ukurasa haujafika kwa karani wa mizani.