Maswali na Majibu: Kuishi na Kutembelea Mtaa wa Layur, Semarang

Safari hii nimekusanya maswali ya wasomaji kuhusu Semarang, mji mkuu wa Jawa ya Kati nchini Indonesia, na hasa kuhusu Kampung Melayu, mtaa mdogo ulio kaskazini mwa mji kando ya Mto Semarang, ambao wengi huutaja kwa jina la barabara yake, Layur. Niliishi huko miaka minne nikiwa mpangaji.

Msomaji wa Tanga anauliza: Hapa kwetu bahari hupanda zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na nyumba zetu hazijai maji. Inakuwaje watu wa Semarang wafurikiwe hata siku isiyo na mvua?

Bahari ya Java mbele ya Semarang hujaa na kupwa kwa kadiri ya mita moja tu, kiasi ambacho mvuvi wa Tanga angekiita maji mafu. Tatizo liko kwenye ardhi. Upande wa kaskazini wa mji umejengwa juu ya tope changa lililoletwa na mito, na tope hilo hushindiliwa na uzito wa majengo, huku viwanda, hoteli na kaya zikiwa zimevuta maji ya chini ya ardhi kwa visima virefu kwa miaka mingi. Kwa hiyo ardhi inadidimia kwa sentimita kadhaa kila mwaka, na mahali pengine hufikia takriban sentimita 10. Maji ya bahari yanayopanda hadi barabarani wenyeji huyaita rob, na tarehe 23 Mei 2022, tuta lilipovunjika katika eneo la bandari ya Tanjung Emas, wafanyakazi wa viwandani walilazimika kutoka kazini wakitembea ndani ya maji.

Nyumba niliyopanga ilikuwa imejazwa kifusi na kuinuliwa sakafu mara tatu. Kizingiti cha dirisha kilikuwa usawa wa goti langu, swichi ya taa, ambayo bila shaka fundi aliifunga usawa wa bega, ilikuwa usawa wa paja, na kila aliyeingia mlangoni ilimbidi ainamishe kichwa, hata watoto wa darasa la saba. Msikiti wa mtaa, ulioasisiwa mwaka 1802 na wafanyabiashara Waarabu kutoka Yemeni, ulikuwa wa ghorofa mbili. Sehemu ya chini imefukiwa, na leo watu huswali kwenye sakafu iliyokuwa ya juu. Inaniuma kuona watu wanaoishi kwa akiba ndogo wakiitumia akiba hiyo kununua kifusi kila baada ya miaka michache, ili tu wabaki pale pale walipozaliwa.

Msomaji wa Mombasa anauliza: Nikienda huko kusoma, nitapata chumba kwa utaratibu gani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kos, yaani chumba kimoja katika nyumba ya mwenyeji, ambacho hulipiwa kwa mwezi. Angalia kibao cha mlangoni, kwa maana kos nyingi ni za wanaume pekee au za wanawake pekee. Ya pili ni kontrak, ambapo unapanga nyumba nzima na kwa kawaida unalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo usikubali kabla hujauliza majirani wawili watatu maji ya rob hufika wapi. Tazama pia ukuta wenyewe: mstari wa chumvi na rangi iliyobanduka utakuonyesha kimo cha maji kwa ukweli kuliko maneno ya dalali.

Msomaji wa Bujumbura anauliza: Je, ni kweli kwamba mgeni lazima ajiandikishe kwa kiongozi wa mtaa?

Ni kweli, na ninakusihi usilipuuze jambo hili. Mitaa ya Indonesia imegawanywa katika vikundi vya kaya kadhaa viitwavyo RT, na RT kadhaa hufanya RW. Mfumo huo una asili katika vikundi vya ujirani vilivyoanzishwa na Wajapani walipoikalia Jawa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtanzania ataelewa haraka nikisema kwamba mwenyekiti wa RT anafanana na balozi wa nyumba kumi. Penye lango la mtaa utaona kibao kilichoandikwa "Tamu harap lapor 1 x 24 jam", maana yake mgeni atoe taarifa ndani ya saa 24. Mwenyeji wako ndiye anayepaswa kukupeleka, ukiwa na nakala ya pasipoti, na ni vizuri kwenda jioni baada ya Magharibi, wakati mwenyekiti amerudi kutoka kazini.

Kujiandikisha ni mwanzo tu. Kuna zamu ya ulinzi wa usiku, ronda, na kuna kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro, kerja bakti, ambayo kwa kawaida hufanywa Jumapili asubuhi. Katika mitaa mingi ya Jawa utakuta pia jimpitan: kila nyumba huning'iniza kopo dogo mlangoni na kutia humo mchele kidogo au sarafu, na walinzi wa zamu hupita usiku kukusanya. Kwetu ilikuwa sarafu ya rupia 500. Mwezi wa kwanza niliacha kopo tupu kwa kutojua, na hakuna aliyenisema. Asubuhi moja mama wa nyumba ya pili alikuja, akatia sarafu mbili mbele ya macho yangu, yake na yangu, akatabasamu na kuondoka. Tangu siku hiyo sikusahau tena, na niliposhikwa na homa mwaka uliofuata, uji niliokunywa siku nne ulitoka nyumba hiyo.

Msomaji wa Muscat anauliza: Ninasikia Wahadhrami, Waarabu wa Hadhramaut nchini Yemeni, wako huko kama walivyo Lamu na Zanzibar. Je, bado wapo?

Wapo. Wahadhrami waliosafiri kwa pepo za msimu walielekea pande zote mbili za Bahari ya Hindi, na Kampung Melayu ni mojawapo ya mahali walipotia nanga, wakaoa na kukaa, pamoja na Wamalayu, Wabanjar, Wachina na watu wa Bara Hindi. Watoto wao leo huzungumza Kijawa kama majirani zao.

Msomaji wa Dar es Salaam anauliza: Lugha itanisumbua?

Kiindonesia hakitakusumbua sana, kwa sababu Kiarabu kimetupatia maneno mengi ya pamoja: kabar ni habari, waktu ni wakati, sabun ni sabuni, na dunia ni dunia. Kijawa ni kigumu zaidi, kwa kuwa kina ngazi za heshima, na mkubwa hazungumzishwi kwa maneno ya rika. Anza na neno moja, "nuwun sewu", yaani samahani, ambalo husemwa unapopita mbele ya watu waliokaa, huku umeinama kidogo na kushusha mkono wa kulia. Mtu mzima muite Pak akiwa mwanamume au Bu akiwa mwanamke, kijana wa kiume Mas na wa kike Mbak, wala usimtaje kwa jina tupu.

Msomaji wa Unguja anauliza: Nina wiki moja tu. Niende lini, na nifanye nini?

Epuka Mei na Juni, kwa kuwa rob huwa kubwa zaidi kipindi hicho, na ukiweza nenda Ramadhani inapokaribia. Kabla ya mfungo mji huadhimisha Dugderan, sherehe iliyoanza mwaka 1881, ambayo jina lake limetokana na mlio wa ngoma ya msikitini, dug, na mlio wa mzinga, der. Kutoka Jakarta panda treni hadi kituo cha Tawang, mwendo wa saa tano au sita. Mfungo ukishaanza, siku moja futuru katika msikiti wa Pekojan, ambako hupikwa uji wa wali wenye tui na viungo, urithi wa wafanyabiashara Waislamu kutoka Gujarat, na siku nyingine uje Layur, ambako wafuturuo hupewa kahawa ya Kiarabu yenye viungo. Fika kabla ya jua kuzama, vua viatu, keti kwenye safu na watoto wa mtaa, na usipige picha ya mtu kabla hujamwomba ruhusa.