Picha kuwa kijani ukutani: anza na taa

Ndugu, umesema picha zako zilitoka safi kwa mchapishaji, ila zikitundikwa dukani kwako Kampala zinageuka kijani. Mchapishaji hana kosa. Ni hizo taa za mirija (fluorescent) za dukani, mwanga wake ndio wenye ukijani. Nunua balbu za LED zenye CRI 90 au zaidi (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, hadi 100; husomwa kwenye boksi, isipoandikwa, iache), zote za kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga; 3000 ni wa njano kidogo). Ukichanganya na za kelvini 6500, zenye mwanga wa samawati, kila picha itakuwa na rangi yake. Elekeza mwanga nyuzi 30 kutoka wima, la sivyo kioo cha fremu kitaakisi balbu. Picha za rangi zinatosheka na luksi 50 hivi (kipimo cha mwanga unaoangukia picha). Michoro ya rangi ya mafuta huvumilia 200. Jua la dirishani lizibe kwa pazia, maana linapausha haraka kuliko balbu yoyote. Nyaya za dari mwachie fundi umeme mwenye leseni.