Barua kwa mwanangu: kuhusu likizo unayoiona kama usaliti

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimelirudia mara kadhaa lile swali uliloliweka mwishoni kana kwamba unalionea haya: je, ni haki uchukue likizo ya wiki mbili ilhali watu unaowahudumia bado wanalala kwenye mahema, miezi minane baada ya mafuriko? Ni haki, na kwa maoni yangu umechelewa kuichukua.

Uokoaji huhesabiwa kwa siku, lakini kuwarejeshea watu makazi na maisha yao huchukua miaka, na hakuna mwili unaoweza kwenda miaka yote hiyo kwa mwendo wa juma la kwanza. Mimi nilipofanya kazi kama yako, niliendelea kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane hata baada ya magari ya dharura kuondoka, nikiamini kwamba huko ndiko kuwa mwaminifu kwa watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungua umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na katika hali hiyo mimi nilikuwa nikihakiki orodha za kaya. Niliruka jina la familia moja, wakakaa majuma matatu zaidi bila mabati. Huruma nilikuwa nayo tele. Usingizi sikuwa nao.

Umesema kinachokuumiza zaidi ni hasira ya watu. Mwanzoni jamii hushikamana na misaada humiminika, kisha waandishi wa habari huondoka, fedha hupungua, fomu huongezeka, na wewe uliyebaki ndiye unayeonekana, kwa hiyo ndiye unayelaumiwa. Wanaosoma saikolojia ya maafa wanakifahamu vizuri kipindi hicho cha kuvunjika moyo, nacho hakikutokana na udhaifu wako.

Lile la kumwambia mama mwenye watoto kwamba hakidhi masharti ya kupata msaada, ilhali unaona kwa macho yako kuwa anahitaji, ni jeraha la aina nyingine, na usingizi peke yake hauliponyi. Kila shauri la namna hiyo liandike na ulipeleke kwa msimamizi wako, ili uzito wake usikae kifuani mwako kana kwamba wewe ndiwe uliyetunga masharti.

Lakini sentensi iliyonitia hofu ni ile fupi, kwamba siku hizi watu wanakusimulia misiba yao nawe huhisi chochote. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa wa ICD-11, linaeleza uchovu wa kazini kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa mawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Haliuiti ugonjwa, linasema unatokana na msongo wa kudumu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Kwa hiyo usiuchukue kama aibu yako binafsi, bali idai ofisi zamu zenye mwisho, siku za mapumziko zisizoguswa, na mwenzako wa kufuatana naye unapokwenda kwenye kaya zenye misiba mizito. Simulizi za watu zikianza kukujia usiku kana kwamba yalikupata wewe, na hali hiyo ikipita mwezi, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ofisini wakikulazimisha kukaa kikao kimoja cha kusimulia kila kitu mbele ya wenzako, una haki ya kunyamaza, kwani tafiti hazikuonyesha kuwa vikao vya namna hiyo huzuia madhara.

Kabla ya kuondoka, mkabidhi mwenzako mafaili kwa maandishi, waambie watu wako ni nani atakayewahudumia na wewe utarudi lini, kisha izime simu ya kazi. Natamani sana uje nyumbani, lakini hata ukiamua kulala tu siku tatu za kwanza huko uliko, sitakulaumu. Niandikie tarehe ukishapewa ruhusa.

Mama yako