Swali la lugha: Fimbo ya pazia hutundikwa au hufungwa?

Msomaji anayefanya matengenezo ya nyumba za kupangisha katika jimbo la Ohio, Marekani, ameniletea sentensi moja aliyowaandikia wasaidizi wake, ambao wengi wao ni wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Tanzania: “Tundikeni fimbo ya pazia juu ya ukuta wa jasi kwa usalama.” Anauliza kama sentensi hiyo ni sanifu, kwa sababu msaidizi mmoja alipoisoma alipigilia misumari miwili, akailaza fimbo juu yake, na haukupita muda fimbo na pazia vikaanguka pamoja na kipande cha ukuta.

Kisarufi sentensi haina kosa, na upatanisho wake wa ngeli ni sahihi. Kasoro imo katika maana, na kwa maoni yangu msaidizi yule alitii alichokisoma.

Tuanze na kitenzi, kwa kuwa ndicho chenye kosa zito. Kutundika ni kukifanya kitu kining’inie kwenye kitu kingine ambacho tayari kimesimama imara: kanzu hutundikwa kwenye msumari, picha hutundikwa ukutani, na wapo wanaosema kuangika kwa maana iyo hiyo. Kitenzi hiki hakisemi lolote kuhusu namna kile kinachobeba mzigo kilivyoshikizwa. Huchukulia kwamba msumari upo na unatosha. Kazi anayoieleza msomaji, hata hivyo, ina vitendo vitatu ambavyo Kiswahili kinavitofautisha vizuri. Vile vyuma viwili vinavyoshika fimbo, ambavyo hapa nitaviita vishikio, hufungwa kwenye ukuta kwa skrubu. Fimbo hupachikwa kwenye vishikio. Pazia ndilo linalotundikwa. Kuvikusanya vitendo vyote vitatu katika neno “tundikeni” ni kukiacha kimya kile cha kwanza, ambacho ndicho kinachoamua kama fimbo itakaa au itaanguka.

Anayetaka kuhakikisha kwamba amechagua kitenzi kinachofaa na akipime kwa kauli ya kutendua, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha kinyume cha tendo. Mpangaji anapohama, pazia hutunduliwa, fimbo hupachuliwa, na vishikio hufunguliwa kwa bisibisi. Sijui fundi ambaye angesema anakwenda kutundua kishikio, na kama hakitunduliwi, basi hakikutundikwa.

Kosa la pili ni “juu ya ukuta”. Mwandishi aliyezoea Kiingereza huliona kuwa la kawaida, lakini kwa Kiswahili juu ya ukuta ni pale kwenye kilele chake, mahali anapopita paka au panapopandwa vipande vya chupa kuzuia wezi. Kitu kilichoshikamana na uso wa ukuta kiko ukutani. Vishikio hufungwa juu ya dirisha, naam, kwa kuwa viko upande wa juu wa dirisha hilo, lakini havifungwi juu ya ukuta. Hapa pia izingatiwe kwamba “ukutani” hutosha pale nomino inaposimama peke yake. Ikiongezewa sifa, ni bora kuandika “kwenye ukuta wa jasi”, kwa sababu nomino iliyotiwa -ni huchukua upatanisho wa mahali, kama katika “ukutani pake” au “ukutani mwake”, na “ukutani wa jasi” haikubaliki.

Upatanisho huo wa mahali una faida ambayo msomaji wetu hajaitumia. Ukuta wa jasi ni bodi ya jasi iliyofunikwa kwa karatasi nzito pande zote mbili, ambayo katika nyumba nyingi za Marekani ina unene wa milimita 13 hivi, na nyuma yake mna uwazi, isipokuwa pale zinaposimama mbao za wima, kwa kawaida kila baada ya sentimita 40 hivi. Fundi anayewauliza wasaidizi wake “Skrubu ipo?” atajibiwa kwamba ipo, kwa sababu inaonekana, bali akiuliza “Skrubu imo mbaoni, au imo katika jasi tu?” atakuwa ameuliza jambo lenyewe. Kandokando ya dirisha na juu yake huwa mna mbao zilizojengwa kuzunguka uwazi wa dirisha, na hapo ndipo pa kuzitafutia skrubu mahali. Ikiwa kishikio hakina budi kufungwa pasipo na mbao, skrubu itanguliwe na plagi, yaani kile kidude kinachotiwa kwenye tundu la ukuta ili kiishike skrubu, na kwa pazia zito iwe ile inayofungua mbawa zake nyuma ya bodi, kwa sababu plagi ndogo ya plastiki hufaa mzigo mwepesi tu.

Sitashauri mbao hizo ziitwe boriti, kama nilivyoona katika maelekezo fulani. Boriti hulala, hubeba dari au sakafu, na nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zimejaa boriti za mikoko. Hizi za Ohio zimesimama, basi “mbao za wima” ndilo jina lisilopotosha.

“Kwa usalama” nayo haifai. Anayesafiri kwa usalama hakudhurika njiani. Kishikio kilichofungwa kwa usalama ni kile ambacho aliyekifunga hakujiumiza. Aliyotaka kuyasema msomaji ni “imara”, “madhubuti” au “barabara”, maneno ambayo hufuata kitenzi moja kwa moja bila kuhitaji “kwa”: funga imara, kaza barabara. Tunalo pia tamko zuri la “kikiki”, lakini liandikwe kwa uangalifu, kwa kuwa skrubu iliyo mbaoni yaweza kukazwa kikiki, ilhali iliyo katika jasi ikikazwa hivyo husaga jasi na kupoteza mshiko.

Kwa hiyo ningeandika hivi: “Fungeni imara vishikio kwenye ukuta wa jasi, juu ya dirisha, na mhakikishe kwamba skrubu zimeingia mbaoni; pasipo na mbao, tangulizeni plagi zenye mbawa. Kisha pachikeni fimbo, ndipo mtundike pazia.”

Kuhusu jina la kifaa, “fimbo ya pazia” ni sahihi, na “bomba la pazia” wanalosema wauzaji wengi wa Tanzania ni sahihi vilevile. Wasaidizi kutoka Kongo waliozoea kusema “rido” wataelewa pazia ni nini pindi watakapolishika mkononi.