Siti "imekaza kidogo": usitoe hela ya baiskeli kabla nguzo ya siti haijachomoka

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo hela usiitume.

Umeandika kwamba umepata baiskeli ya racing ya zamani ya Kijapani pale Lindi mjini, unataka uifufue iwe ya kuendea kazini kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, na umeuliza mambo manne: rangi, tairi za ringi 27, gia na bei. Katikati ya maelezo ukapitisha sentensi moja kama vile haina uzito: "siti iko chini sana ila imekaza kidogo, muuzaji anasema fundi yeyote anaitoa dakika tano." Hayo manne yasubiri. Hiyo sentensi ndiyo inayokula hela za watu pwani hii, na mimi ilinilia fremu nzima, ndiyo maana nimeshindwa kuisoma nikapita.

Fremu za racing za miaka ya 1970 na 1980 nyingi ni za chuma, lakini nguzo inayobeba siti mara nyingi ni alumini. Hakikisha kwa sumaku ya spika mbovu: ikishika fremu isishike nguzo, basi ndiyo hiyo. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi vinafanya kazi kama betri, na anayeliwa ni alumini. Inageuka unga mweupe, na unga huo unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Kati ya nguzo na bomba la fremu kuna upenyo mwembamba kama unywele. Unga ukishaujaza hauna pa kwenda, unakaba pande zote. Inamisha kichwa utazame pale nguzo inapoingia kwenye fremu: utaona utepe mweupe kama chumvi iliyokaukia ubavuni mwa mtumbwi. Ukiuona huo, elewa kwamba ndani ni zaidi.

Sasa fikiria baiskeli iliyolala barazani miaka, hatua chache kutoka baharini, upepo wa kusi ukiipulizia chumvi msimu baada ya msimu. Hapo "kidogo" inatoka wapi? Muuzaji akisema imekaza kidogo, mara nyingi ameshaning'inia nayo mwenyewe ikamshinda. Hilo linaniudhi sana, kwa sababu anajua kabisa kwamba siti ikiwa chini inamtosha yeye kukuonyesha kwamba baiskeli inatembea, halafu wewe mwenye miguu mirefu ndiye utakayekwenda kilomita kumi magoti yakigonga kifua.

Kinachokasirisha zaidi ni mafundi wanaokimbilia gesi. "Chuma kikipata moto kinaachia." Ni kweli kwa nati ya chuma kwenye boliti ya chuma. Hapa alumini iko ndani, na ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Maana yake unapochoma, nguzo inavimba ndani ya bomba na kujibana zaidi. Umepoteza rangi, umechoma chuma chembamba cha chini ya milimita moja, na ukizidisha unalegeza shaba iliyounganisha viungo vya fremu. Anayefuata baada ya gesi ni yule wa spana ya bomba. Anauma nguzo, anaongeza bomba refu kwenye mpini, anasukuma. Nguzo inakatika sambamba na fremu au masikio ya kubania siti yanapasuka. Sasa huna hata pa kushika. Fremu yangu iliishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa fanya hivi, mbele ya muuzaji. Nenda na elenki (funguo za pembe sita) za milimita 5 na 6, spana namba 10 na 13, kipande cha mbao na nyundo ndogo. Bandika kipande cha karatasi yenye gundi kwenye nguzo pale inapoingia, kiwe alama. Legeza boliti ya kubania mpaka masikio yaachie kabisa. Bana tairi la nyuma kwa miguu, shika siti kwa mikono miwili, zungusha kushoto na kulia. Tazama hiyo alama, usitazame siti, maana siti yenyewe inaweza kucheza juu ya nguzo ukadhani ni nguzo inayozunguka. Ikisogea hata chembe, endelea mpaka uichomoe yote. Yote, mkuu, nguzo iwe mkononi. Nusu haitoshi, kwa sababu sehemu ya chini ndiyo inayokaa na maji. Kisha pindua fremu chini juu. Ikimwaga maji au maganda ya kutu, mulika tochi ndani ya bomba.

Shingo ya usukani nayo ni hivyo hivyo. Legeza boliti ya juu mizunguko mitatu, usiitoe yote. Weka mbao juu yake, gonga nyundo taratibu mpaka boliti izame, kabari ya ndani iachie. Bana tairi la mbele kwa magoti, zungusha usukani. Ukigoma, hesabu umeshapata matatizo mawili.

Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka. Akikubali na nguzo ikagoma, mwambie aitoe yeye ndipo urudi. Usikubali kupunguziwa bei, kwa sababu punguzo lolote utakalopewa ni dogo kuliko fremu.

Kama umeshatuma hela, basi kazi ni ya siku kadhaa. Toa siti, pindua baiskeli, mimina mafuta ya kupenyeza kutu kupitia matundu ya boliti za kishikio cha chupa ili yafike mwisho wa nguzo kutoka chini. Asubuhi igeuze, uongeze juu. Siku tatu usikose. Mafuta ya taa peke yake ni dhaifu. Halafu tafuta barafu ya wauza samaki, iponde, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kuzunguka nguzo nusu saa. Baridi inasinyaza alumini zaidi ya chuma, kinyume cha gesi. Hapo hapo bana kichwa cha nguzo kwenye jiriwa iliyofungwa mezani na mzungushe fremu watu wawili, polepole. Fremu ndiyo mpini wako, mrefu kuliko spana yoyote. Ukisikia mlio mkali kama mlango mkavu, shangilia, imeachia. Ukiona bomba la fremu linajipinda kama upinde, acha.

Ikigoma, kata nguzo ubakize sentimita tatu, ingiza msumeno wa chuma ndani yake, uichane kwa urefu mistari miwili. Nenda kwa kidole na tochi, ukikaribia chuma simama. Kisha ikunje kwa ndani kwa koleo. Kazi ya saa nyingi, lakini fremu inabaki. Kostiki soda ya watengeneza sabuni inayeyusha alumini bila kula chuma, ila inachemka, inatoa gesi inayowaka, inabandua rangi na inapofusha macho. Sikushauri uifanye nyumbani.

Nguzo mpya: soma namba iliyogongwa upande wa chini wa ile ya zamani, ndiyo kipenyo chake kwa milimita, mfano 26.8 au 27.2. Tofauti ya 0.2 ni kubwa, usichukue "inayokaribia". Safisha bomba, paka grisi sehemu yote ya nguzo inayoingia ndani, funika ule mpasuo wa fremu ulio kati ya masikio kwa kipande cha tyubu. Kwa hali ya hewa ya kwetu ichomoe kila miezi mitatu, upake tena.

Tairi, haraka: ringi 27 ya racing ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa. Tairi la 28 x 1 1/2 la baiskeli za mizigo zilizojaa madukani ni 635, litavaa kirahisi kisha litaruka ukishajaza upepo. Tairi la 700C, la racing za kisasa, ni 622, halivai. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: 32-630, yaani upana 32, kipenyo 630. Zile 27 x 1 3/8 za baiskeli za Kijapani za mtumba nazo ni 630, ila ni nene, angalia kama zinapita kwenye breki.

Ukirudi Lindi, ichomoe kwanza, halafu niandikie hapa namba iliyogongwa kwenye nguzo na rangi ya unga uliyoukuta.